Kuchora Nyerere Square jioni kwa brashi huru: mwongozo kamili

Kila Jumamosi naletewa picha za Nyerere Square, uwanja wa hapa Dodoma, na kwa miezi kadhaa sasa nyingi zinakwama mahali palepale. Mchoraji ana mkono mzuri. Amehesabu madirisha, amenyoosha nguzo za taa, sanamu ya Mwalimu ameipa macho na pua. Lakini ukirudi nyuma hatua sita huioni Dodoma, unaona ramani ya majengo. Lile vumbi la jioni, ule mwanga wa njano unaopenya kwenye miti na kumeza miguu ya wapita njia, haumo kabisa.

Nadhani kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema "kuchora" kwa penseli na kwa brashi pia, basi mtu hushika brashi akafanya kazi ya penseli: anakizungushia kila kitu mstari, kisha anajaza rangi ndani. Kuna kazi zinazotaka hivyo. Mabango ya mitaani na picha za Tingatinga zinapendeza kwa kingo zao safi na rangi iliyojaa. Hapa, kwa brashi huru, yaani brashi isiyofuata mistari, tunataka kuchora hewa iliyoko kati yako na jengo, na hewa haina mstari. Hatua zote zilizo hapa chini zimetokana na jambo hilo.

## Vifaa

- Ubao wa hadibodi wa sentimita 40 kwa 50. Turubai pia inafaa. Usiende zaidi ya hapo mwanzoni, maana mwanga wa jioni hautakungoja ujaze mita nzima.
- Gundi nyeupe ya mbao, rangi nyeupe ya maji ya ukutani na msasa laini. Ukiwa na jeso halisi (rangi ya msingi ya wachoraji), itumie badala ya rangi ya ukutani, hasa kwa kazi ya kuuza.
- Rangi tano za akriliki: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, siena ya kuchomwa (kahawia inayoelekea nyekundu), oka ya njano, na nyekundu ya kadimi.
- Brashi tatu tu: bapa ya inchi 2 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, bapa ya inchi 1, na ya duara namba 6. Zile nyembamba kama sindano ziache nyumbani. Ukiwa nazo mkononi utazitumia, na ukizitumia utaanza kuhesabu madirisha.
- Kisu cha paleti (kisu butu cha kuchanganyia na kupakia rangi), au kadi ya benki iliyokwisha muda wake.
- Trei yenye mfuniko, sponji nyembamba na karatasi ya kuokea. Hii ndiyo paleti yako, mahali pa kuchanganyia rangi.
- Chupa ya kupulizia maji, makopo mawili ya maji, na matambara ya pamba.
- Kisimamio, kamba na mfuko imara wa kutilia mawe.
- Daftari dogo na kalamu ya wino.

Nyeusi sijaisahau. Altramarini na siena ya kuchomwa zikichanganywa zinatoa giza zito kuliko unavyodhani, na giza hilo unaweza kulivuta upande wa baridi kwa kuzidisha bluu, au upande wa joto kwa kuzidisha siena. Nyeusi ya kopo hukaa kwenye picha kama shimo.

Mafuta, yaani rangi za mafuta, nayapenda, lakini siyashauri kwa kazi ya nje hapa kwetu. Yanakaa mabichi kwa siku kadhaa, na upepo wa kiangazi utayapaka vumbi kabla hujafika nyumbani.

## Hatua ya 1: Andaa ubao siku moja kabla

Piga msasa upande laini hadi mng'ao uishe, kisha futa vumbi. Paka gundi iliyochanganywa na maji kiasi sawa, iache ikauke. Fuatisha mipako miwili ya nyeupe, mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana.

Mpako wa mwisho utie oka na siena kidogo, ubao wote upate rangi ya udongo uliokauka. Sababu ni hii: brashi huru huacha mapengo. Kwenye ubao mweupe kila pengo linang'aa na kukuita ulizibe. Kwenye ubao wa udongo mapengo yanageuka kuwa ardhi ya Dodoma yenyewe, na unaweza kuyaacha kwa amani.

*Imefanikiwa kama:* ukikwaruza kwa ukucha haibanduki, na ukipapasa unahisi ukavu kama wa chaki.

## Hatua ya 2: Chagua saa, kisha mahali pa kusimama

Jua la Dodoma huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:00 usiku hivi, kutegemea mwezi. Fika saa 10:30. Mwanga unaoutaka huanza karibu saa 11:15, na huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, halikawii. Una kama dakika 40 za mwanga unaofanana. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Novemba, ndiyo yenye vumbi zuri.

Simama jua likiwa mbele yako, kando kidogo, likifichwa na mti au kona ya jengo. Wengi husimama jua likiwa mgongoni kwa sababu kila kitu kinaonekana vizuri. Ndiyo shida yenyewe! Ukilielekea jua, majengo yanageuka vivuli vikubwa, madirisha yanapotea yenyewe, na nusu ya kazi umeshafanyiwa.

Kabla hujafungua trei, msalimie mlinzi aliye karibu na umweleze unafanya nini. Eneo lile lina mabenki na ofisi, na mtu anayekodolea jengo macho kwa saa nzima huwatia watu wasiwasi. "Shikamoo mzee, nachora mandhari ya hapa, sitakaa sana" inatosha. Ukikataliwa upande mmoja, hamia mwingine bila ubishi.

Kisha funga mfuko wa mawe chini ya kisimamio. Mwaka juzi upepo uliniangushia ubao ukiwa mbichi, uso chini. Punje za mchanga zilishikana na rangi kiasi kwamba sikuweza kuzitoa, na picha ile nilikuwa nimeifanyia kazi vizuri kuliko nyingine zote za wiki hiyo.

## Hatua ya 3: Michoro minne ya ukubwa wa kiberiti

Kwenye daftari chora visanduku vinne vyenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Fumba macho nusu, na katika kila kisanduku weka viwango vitatu tu: mwanga (karatasi yenyewe), kati (mistari myepesi ya kalamu), na giza (mistari iliyobanana). Dakika 2 kwa kila kimoja.

Katika kila kisanduku badilisha kitu. Sogeza sanamu kutoka katikati. Shusha mstari wa ardhi. Ruhusu mti mmoja ukatwe na ukingo wa picha. Chagua kile ambacho giza lake limejikusanya upande mmoja. Giza likisambaa sawasawa kila kona, jicho halijui lianzie wapi.

Usiruke hatua hii kwa sababu eti mahali unapajua. Kupajua mahali ndiko kunakokufanya uchore kumbukumbu badala ya unachokiona.

## Hatua ya 4: Mistari mitano, basi

Kwa brashi ya namba 6 na siena iliyotiwa maji mengi, weka mstari wa usawa wa macho yako, ukingo wa mti mkubwa, urefu wa sanamu, na mistari miwili ya ardhi inayokimbilia mbali. Ukishaweka mstari wa sita, futa mmoja.

Ule wa usawa wa macho utie alama pembeni kabisa mwa ubao. Tutauhitaji kwa ajili ya watu.

## Hatua ya 5: Hewa

Hapa ndipo picha inapokufa au kuishi, kwa hiyo tukae kidogo.

Mafunzo mengi ya uchoraji husema vitu vya mbali hugeuka bluu. Ni kweli pale hewa inapokuwa safi au ina unyevu, na hata Dodoma utaiona bluu hiyo milimani asubuhi baada ya mvua, jua likiwa mgongoni. Lakini jioni ya kiangazi, ukiwa umelielekea jua, chembe za vumbi zinaudaka mwanga na kuutawanya kuja kwako. Vitu vya mbali vinapauka kuelekea njano na waridi. Kadiri jengo lilivyo mbali, ndivyo vumbi lililo mbele yake linavyokuwa jingi, na ndivyo jengo linavyofanana na anga. Mwanafunzi anayepaka mbali bluu kwa sababu aliambiwa hivyo anachora jiji lingine lenye hewa nyingine.

Loanisha sponji, ilaze kwenye trei, tandika karatasi ya kuokea juu yake. Bila hivyo akriliki itakauka kwenye paleti ndani ya dakika chache, maana upepo wetu ni mkavu. Sasa tengeneza mafungu matatu makubwa, kila moja kama limau:

1. Fungu la jua: nyeupe nyingi, oka, na chembe ya nyekundu.
2. Fungu la anga: nyeupe, altramarini na siena, hadi upate kijivu kinachoelekea bluu kwa mbali sana. Kikitazamwa peke yake kionekane kama saruji.
3. Fungu la ardhi: oka, siena, na nyeupe kiasi.

Pulizia ubao maji. Chukua brashi ya inchi 2 na fungu la jua, anzia pale jua lilipo, na usambaze kwa mikono mikubwa ya kukatana, kama mtu anayefyagia uwanja. Kadiri unavyotoka pembeni na juu, ongeza fungu la anga juu ya rangi ambayo bado ni mbichi. Chini, ingiza fungu la ardhi lipande hadi likutane na mwanga. Pasiwe na mstari mahali anga inapokutana na ardhi. Rangi ikianza kuburuta, pulizia maji, usisugue.

Onyo: mkono usimamie begani. Ukiegemeza kiganja kwenye ubao utaanza kuandika.

*Imefanikiwa kama:* baada ya dakika 10 huna jengo wala mti, lakini mtu akitazama anaweza kusema jua liko upande gani. Inafanana na asubuhi ya ukungu. Wengi huogopa hapa na kukimbilia kuweka maelezo. Kunywa maji kwanza.

## Hatua ya 6: Majengo ya mbali yazaliwe na anga

Chukua sehemu ya fungu la jua na la anga zilizochanganyika, ongeza siena na altramarini kidogo mno. Rangi hii iwe nzito kuliko anga kwa daraja moja tu. Kwa brashi ya inchi 1, paka majengo yote ya nyuma kama umbo moja lililoungana: kuta, mapaa, matangi ya maji, yote pamoja.

Acha ukingo mmoja uonekane, upande usio na jua. Ule unaoelekea jua uguse kwa kitambara chenye unyevu hadi upotee angani. Chini kabisa, jengo linapogusa ardhi, lipaushe zaidi, kwa sababu vumbi linalotimuliwa na magari hulala chini.

Kisha safu ya pili iliyo karibu zaidi: rangi ileile, ongeza siena na altramarini, punguza anga. Ukitaka safu ya tatu, fanya vivyo hivyo. Usifungue tyubu mpya kwa ajili ya ukuta fulani kwa kuwa unajua ni wa kijani. Rangi zote za nyuma zikitoka kwenye mafungu yaleyale, zinakaa ndani ya hewa moja.

Madirisha? Mawili au matatu, upande mmoja, kwa mguso wa brashi bapa. Jicho la mtazamaji litayamalizia mengine.

## Hatua ya 7: Miti na sanamu

Miti ipake kwa brashi ya inchi 2 iliyokaushwa kwenye kitambara, ukiigongesha na kuiburuta, ili tobo za mwanga zibaki. Kijani chake kitoke kwa oka na altramarini na siena. Jioni, mti uliozuia jua una kahawia nyingi kuliko kijani.

Kwenye sanamu ndipo ninapoomba uvumilivu wako. Kwa heshima ya Mwalimu, wanafunzi wengi hutaka afanane, na kwa hamu hiyo picha nzima inageuka kuwa mandhari ya nyuma ya uso wenye ukubwa wa ukucha. Kutoka mahali uliposimama, jua likiwa mbele, uso huo huuoni hata wewe. Weka umbo lake kwa mikupuo mitatu ya brashi: msingi, kiwiliwili, kichwa. Upande wa jua, mstari mwembamba wa mwanga begani. Mkazi yeyote wa Dodoma atamtambua kwa jinsi alivyosimama.

## Hatua ya 8: Ardhi na vivuli

Vivuli vinakuja kwako, virefu, na vinapanuka vikikukaribia. Vipake kwa siena na altramarini yenye bluu zaidi, huku ukiacha rangi ya udongo ya ubao ichungulie. Kingo ziwe kali karibu na kitu kinachotoa kivuli, na zilegee mbali nacho.

Mwanga unaopita kati ya vivuli uweke kwa kisu: fungu la jua likiwa zito, buruta mara moja kwa ulalo, acha. Ukirudia mara ya tatu utapata tope.

Ukichora msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, baada ya manyunyu ardhi inakuwa kioo. Vuta rangi za majengo na miti wima kuelekea chini zikiwa mbichi, kisha pitisha brashi safi iliyokauka mara moja kwa ulalo. Hilo tu linatosha kufanya sakafu ionekane imelowa.

## Hatua ya 9: Watu

Uwanja usio na watu saa 11 jioni ni uongo. Kuna wanafunzi, wapiga picha, mama aliyeshika mtoto mkono, vijana wamekaa wakipiga soga, bodaboda zinapita pembeni.

Kumbuka ile alama ya usawa wa macho. Pale ni tambarare, kwa hiyo kama umesimama, vichwa vya watu wazima waliosimama wenye kimo kama chako vinagusa mstari uleule, wawe karibu au mbali. Kinachobadilika ni mahali miguu inapofika: wa karibu inashuka chini ya ubao, wa mbali inaishia karibu na mstari. Watoto na waliokaa wako chini yake. Nimeona picha nyingi zikiokolewa na kanuni hii moja, kwa sababu watu wengi hushusha vichwa vya walio karibu, wakaonekana wametumbukia mtaroni.

Mtu mmoja ni mikupuo mitatu. Wa kwanza, kwa brashi ya inchi 1, unaanza mpana mabegani na kwisha mwembamba chini, kama karoti. Wa pili ni kichwa, kidogo kuliko unavyotaka: sehemu ya saba au ya nane ya kimo chote. Wa tatu ni mguu mmoja tu, ule wenye uzito. Ukiipa miguu yote miwili ukubwa na urefu sawa, mtu anaganda kama mlingoti. Nyayo usizipake, zifute kwa kidole zikiwa mbichi, vumbi lizimeze.

Wapange kwa makundi yasiyolingana: watatu wamebanana, mmoja peke yake mbali, wawili wanagusana hadi kuwa umbo moja. Kanga ya mama mmoja ipate nyekundu ya kadimi bila kuchanganywa. Hiyo ndiyo nyekundu pekee kali kwenye picha yote, kwa hiyo ichagulie mahali.

Kabla ya kuwapaka kwenye ubao, jizoeze nyumbani juu ya gazeti la zamani. Watu 50, bila kusahihisha hata mmoja. Kufikia wa 30 mkono unaanza kutembea wenyewe.

## Hatua ya 10: Miguso kumi, kisha weka brashi chini

Rudi nyuma hatua sita, fumba macho nusu. Sasa una miguso kumi, ihesabu kwa sauti ukipenda. Minne iwe ya giza zito kabisa, yote karibu na mahali unapotaka jicho liende: chini ya bajaji, kwenye shina la mti, pindo la mtu aliye karibu. Minne iwe ya mwanga mzito wa kisu: bega, kioo cha gari, ukingo wa kiti, paa. Miwili iweke akiba. Mara nyingi huihitaji.

*Imefanikiwa kama:* mtu asiyejua uchoraji anakuambia ni saa ngapi. Mzee mmoja muuza kahawa alisimama nyuma yangu, akaweka birika chini, akatazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo saa 11 na nusu." Hakuuliza jengo lile ni la nani.

## Ikikataa

Rangi zimekuwa tope. Umechanganya zaidi ya tatu, au umesugua rangi iliyoanza kukauka. Acha ikauke kabisa, kisha pitisha rangi mpya juu yake.

Picha imepauka yote. Giza lako haligusi giza. Linganisha na michoro ya kiberiti. Mara nyingi kalamu ilithubutu kuliko brashi.

Majengo yamekuja mbele. Chukua fungu la jua, litie maji hadi lipitishe mwanga, lipake juu ya majengo yote kwa mkupuo mmoja mpana. Ni kama kumwaga vumbi juu yake.

Kila kitu kina mstari. Chukua kitambara chenye unyevu, chagua theluthi moja ya kingo, uzifute kabla hazijashika. Kama zimekauka, zivunje kwa rangi ya kitu cha jirani.

Mchanga umenata. Usiuguse rangi ikiwa mbichi. Kesho yake usugue taratibu kwa brashi kavu, utakaobaki uache.

## Kabla hujaondoka

Osha brashi pale pale, kwanza kwenye kopo la maji machafu, kisha la maji safi, na uzifunge kwenye kitambara chenye unyevu hadi nyumbani kwenye sabuni. Akriliki ikikaukia kwenye shina la nywele, brashi hiyo imekwisha. Maji ya rangi usiyamwage kwenye bustani wala mtaroni. Rudi nayo, yaache yatuame usiku kucha, umwage maji ya juu na tope lililobaki ulitupe kwenye taka.

Kwenye bajaji shika ubao ukiwa umeugeuzia uso wako, si upande wa upepo. Ukifika, ugeuze uangalie ukuta, usiutazame hadi asubuhi. Vanishi ingoje wiki mbili au zaidi, hasa pale ulipotumia kisu, na kabla ya kuipaka pitisha brashi laini iliyo kavu kuondoa vumbi la njiani.

Jioni inayofuata rudi mahali palepale na ubao mwingine, saa ileile.